Mama anasahau majina yetu, lakini kuku wake anawajua mmoja mmoja

Ndugu Mshauri,

Shikamoo. Naomba usilitaje jina langu, kwa kuwa mtaa wetu ni mdogo na jambo lenyewe linamhusu mama yangu mzazi, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kuheshimika kanisani na sokoni, na nisingependa asemwe wakati hawezi tena kujitetea.

Mimi ni fundi cherehani mwenye umri wa miaka 44, ninaishi Msaranga hapa Moshi pamoja na mume wangu na watoto wetu watatu. Mama ana miaka 77. Baba alipofariki, mama alibaki peke yake kihambani kwetu Machame, akihudumia migomba, kahawa kidogo, mbuzi wawili na kuku. Baada ya muda majirani wakaanza kutupigia simu. Mara mama ameacha jiko linawaka ameshuka bondeni kukata majani. Mara amevaa nguo za ibada siku ya Jumanne na kusimama mlangoni mwa kanisa lililofungwa. Mwisho alipotea akirudi kutoka gulioni, katika njia aliyoipita tangu alipoolewa, akakutwa usiku ameketi kando ya mfereji. Hapo ndipo sisi ndugu wanne tulipokubaliana kwamba aje kwangu, kwa sababu mimi hufanya kazi nyumbani. Niseme ukweli: hatukukubaliana, niliarifiwa.

Siku ya kuhama alikataa kupanda gari bila kuku wake, tukamwekea matetea sita na jogoo mmoja ndani ya tenga. Leo wamepita arobaini, kwa sababu kila tetea anayetaka kuatamia mama humwachia mayai, na mdogo wangu wa kiume, ambaye ni dereva na hupita kwangu kwa nadra, alimletea chotara kumi akidhani anamfurahisha. Banda alilolijenga mume wangu kwa mabanzi na wavu limejaa, na wengine sasa wanalala juu ya mparachichi.

Sitaki nionekane sina shukrani. Mayai nayauza kwa majirani na kwenye duka la barabarani, na fedha hizo ndizo zinazonunua dawa za presha za mama na kulipa nauli ya kliniki. Zaidi ya hapo, mama ambaye siku hizi huniita kwa jina la dada yake aliyekwisha kufariki, anawajua kuku wake mmoja mmoja: nani ni mtoto wa nani, nani ana tabia ya kula mayai, nani anataga wapi. Akiwa bandani huwezi kudhani ni mgonjwa.

Lakini nimechoka. Anawalisha kutwa nzima, kwa sababu akimaliza tu anasahau kwamba amewalisha, na pumba ya wiki inaisha kwa siku mbili. Amewamwagia maharage ya mbegu, na siku nyingine mchele niliokuwa nimeuchambua kwa ajili ya chakula cha mchana. Mayai anayaficha kabatini chini ya vitenge, ndani ya viatu vya mume wangu, na katika mfuko wa koti la marehemu baba ambalo hataki liondolewe ukutani. Tusiyoyaona yanaoza. Yanapopotea anasema yameibwa, na msichana aliyekuwa akinisaidia kazi za nyumbani aliondoka kwangu akilia kwa kuitwa mwizi mbele ya wageni. Mtoto wangu wa mwisho ana pumu. Jirani ambaye mchicha wake umechakurwa amekwisha kufika kwa mwenyekiti wa mtaa. Kipindi cha joto kilichopita kideri kiliingia, na mama alishinda amewaweka vifaranga wagonjwa kifuani chini ya kanga, akikataa tusiwaguse hata waliokwisha kufa.

Kilichonifanya nikuandikie ni hiki. Jioni moja nilimkuta jikoni akisaga vidonge vyake vya presha kwa mchi mdogo wa kutwangia vitunguu swaumu, akavichanganya na pumba iliyolowekwa, akatoka navyo nje kumpa jogoo aliyekuwa akikohoa. Alikuwa anambembeleza: "Kunywa dawa, baba." Kliniki walikuwa wameniambia presha ya mama haishuki, na mara ya mwisho wakamwongezea dozi. Kuhusu kusahau kwake, waliniambia ni uzee tu. Jirani mwingine anasema ni mkono wa mtu.

Kaka yetu mkubwa, aliye Dar es Salaam na ambaye hutuma fedha kila mwezi, anasema niwauze kuku wote Desemba bei ikiwa imepanda, na kwamba mama atasahau ndani ya wiki moja. Dada yetu aliye Arusha anasema tukiwaondoa kuku tumemuua mama kwa mikono yetu. Mume wangu ananyamaza, na kunyamaza kwake nakujua. Mimi sikumbuki lini nililala usiku mzima, na kuna alfajiri jogoo akiwika natamani wangekufa wote.

Desemba ndugu wote watakuwa hapa nami nitatakiwa kuwa na jibu. Je, niwauze? Nikiwauza na mama akaniuliza wako wapi, nimjibu nini? Nikisema wamerudi Machame, je, nitakuwa nimetenda dhambi ya kumdanganya mama yangu?

Binti wa Machame, Moshi

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza kuhusu kuku, na kuku nitawazungumzia kwa kirefu, lakini niruhusu nianze na vidonge, kwa kuwa katika yote uliyoyaandika hilo ndilo jambo lisiloweza kusubiri Desemba. Dawa za mama zikae kwako, mahali panapofungwa kwa ufunguo, na zisiwe katika kabati moja na dawa za mifugo. Umpe mkononi wakati wake ukifika, ukae naye mpaka ameze na kunywa maji. Kisha rudi kliniki kabla ya tarehe yake na uwaeleze bila kuficha kwamba hujui ni vidonge vingapi alimeza na vingapi vilikwenda kwa jogoo. Usione aibu, maana walimwongezea dozi wakiamini kwamba anameza kila siku. Akianza sasa kuzimeza zote chini ya usimamizi wako, presha inaweza kushuka mno, akasikia kizunguzungu na kuanguka, na mzee wa miaka 77 akivunjika nyonga mambo yote mengine katika barua yako yatakuwa madogo. Kwa upande wa pili, presha isiyodhibitiwa inaweza kuleta kiharusi, na hata viharusi vidogo visivyoonekana kwa nje huzidi kuidhoofisha kumbukumbu. Hapo daktari ndiye wa kupanga upya.

Mkiwa huko, uliza tena kuhusu kusahau kwake, kwa sababu jibu la "uzee tu" haliridhishi. Wazee wengi husahau jina la mtu au mahali walipoweka miwani, lakini kupotea katika njia ya miaka hamsini na kumwita binti yake kwa jina la marehemu ni dalili zinazostahili kuchunguzwa. Ugonjwa unaoshukiwa hapa ni ule ambao madaktari huuita demensia, na Alzheimer ndiyo aina yake inayoonekana zaidi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi nao, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Tena kwenu si jambo geni hata kidogo: utafiti uliofanyika wilayani Hai, wilaya ambayo Machame yenyewe imo, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba takriban watu 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na zaidi walikuwa na ugonjwa huu. Kwa hiyo yule jirani anayezungumzia mkono wa mtu, mwambie kwa upole kwamba kama ni mkono, basi umewagusa wazee wa kila kijiji mlimani. Dawa ya kuuponya bado haijapatikana, lakini yapo yanayofanana nao na yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa, huzuni ya muda mrefu baada ya kufiwa. Na siku utakapoona mama amebadilika ghafla, amechanganyikiwa ndani ya siku moja au mbili kuliko kawaida yake, usiseme ni ule ule ugonjwa. Mpeleke hospitali akapimwe malaria na maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo kwa wazee mara nyingi hujitokeza kwa kuchanganyikiwa kabla ya homa. Hospitali za serikali zina dirisha la wazee. Litumie.

Sasa nije kwa kuku. Ukiisoma tena orodha ya mambo yanayokuchosha, kulisha mara kumi, kuficha, kushutumu watu wizi, utaona kwamba mengi hayakuletwa na kuku. Ni sura ya ugonjwa wenyewe, na kuku wameupa tu mahali pa kujitokeza. Mama asiyekuwa na mayai ya kuficha huenda akaficha vijiko, funguo za nyumba au fedha za wateja wako, na asiyekuwa na mwizi wa mayai atampata mwizi wa kitu kingine. Silisemi hili ili nikuambie wabaki. Nalisema kwa sababu ukiwauza wote kwa matumaini kwamba nyumba itatulia, halafu isitulie, utakuwa umelipa gharama kubwa kwa kitu ambacho hukupata.

Yapo, hata hivyo, matatizo ambayo ni ya kuku hasa, nayo ni vumbi kwa mtoto mwenye pumu, kinyesi, kideri na mchicha wa jirani. Hayo yana namna zake.

Kaka yako anasema mama atasahau ndani ya wiki. Inawezekana. Inawezekana pia asisahau, na hakuna mtu, awe daktari au mimi, anayeweza kukuhakikishia lolote kati ya hayo. Ugonjwa huu huanza kufuta matukio ya karibuni, lakini mazoea ya mikono na hisia za moyoni hubaki kwa muda mrefu zaidi. Mama anaweza kusahau kabisa kwamba alikuwa na kuku, huku kila jua linapotua anainuka kutafuta kitu asichoweza kukitaja jina, anakwenda mlangoni, anarudi, anauliza kwao ni wapi. Saa za jioni ni ngumu kwa wagonjwa wengi wa aina hii, na kwa mfugaji jioni ndiyo saa ya kuwahesabu na kuwafungia. Kwa dada yako wa Arusha nina neno lile lile: kwamba kuondoka kwa kuku kutamuua mama ni sentensi nzito mno kumtwisha mtu anayelala nyumba moja na mgonjwa. Wote wawili wanampenda mama yao, ila wanazungumzia banda ambalo hawalifagii. (Nimekwisha kupokea barua nyingi za namna hii, na karibu kila moja ina kaka aliye Dar es Salaam.)

Wewe ndiye unayeweza kujua zaidi. Chukua daftari lako la vipimo vya wateja, na kwenye kurasa za nyuma uandike kila jioni mistari miwili: mama ametulia saa ngapi, amehangaika saa ngapi, alikuwa anafanya nini kabla ya hapo. Fanya hivyo kwa wiki chache kabla ya ndugu kufika. Huenda ukakuta kwamba siku alizoshinda bandani amelala vizuri; huenda ukakuta kinyume chake, kwamba wingi wa kuku ndio unaomchanganya, kwa sababu anawahesabu, hesabu haikamiliki, na hofu inaanza hapo. Arobaini ni wengi kwa akili inayopoteza hesabu. Saba waliokuja na tenga aliwaweza.

Hapo kuna njia ambayo sikuiona katika barua yako, kana kwamba ni lazima iwe wote au hakuna. Unaweza kuwapunguza kidogo kidogo. Chotara na majogoo ya ziada, ambao mama hakuwalea tangu mwanzo, waende kwanza, na ubaki na ukoo wa matetea aliokuja nao, kwa idadi ambayo mtu aliyechoka anaweza kuisafisha asubuhi bila kulia. Ili wasiongezeke, mayai yaokotwe kila siku kabla hajayafikia, na kwenye viota uache mayai ya bandia ya mti au plastiki, ambayo wafugaji huyatumia kuwazoeza kuku kutaga mahali pamoja. Mama akiyaokota na kuyaficha chini ya vitenge hayatanuka. Hatari ni kwamba bibi aliyefuga kuku maisha yake yote anaweza kuligundua yai la plastiki mara moja, na akikasirika atakuwa na haki. Hapo uyaondoe bila mabishano.

Chakula kipime asubuhi kwenye kopo na kilichobaki ukifungie. Kwa kuwa mikono yake inataka kulisha kutwa, mwekee karai la majani, mchicha uliokomaa au majani ya nje ya kabichi, awakatie awape kila anapokumbuka, maana hayo hata akirudia mara nyingi hayatamaliza fedha zako. Banda likifagiliwa, afagie mtu mwingine wakati mtoto mwenye pumu yuko mbali, na maranda yanyunyiziwe maji kidogo kabla ya kuguswa ili vumbi lisipae. Mama na watoto wanawe mikono kwa sabuni kila watokapo bandani, kwa kuwa kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vya kuharisha ambavyo kwa mzee na mtoto mdogo vinaweza kuwa hatari. Yai lililookotwa kabatini, ambalo hujui limekaa humo kwa muda gani, litupwe tu; usilipime kwa huruma ya bei.

Kuhusu kideri, chanjo ipo na si ya gharama kubwa: tone moja la jicho kwa kila kuku, na kurudia kila baada ya miezi mitatu hadi minne, kabla joto halijaanza. Mwone afisa mifugo wa kata. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko ulio nao, kwa hiyo wafugaji wa mtaa mnaweza kuchangia na kuchanja siku moja. Mpe mama kazi ya kuwakamata na kuwashika wakati wewe unadondosha dawa, maana kwa kazi hiyo sidhani kama Msaranga nzima kuna mwenye mkono mzuri kumzidi. Ugonjwa ukiingia tena, usigombane naye juu ya kifaranga aliyekufa. Mwombe aje kunywa chai, na mtu mwingine amfukie kwenye shimo refu. Kumbeba kuku mgonjwa kifuani si salama kwa mtu yeyote, kwa sababu kwa macho tu huwezi kutofautisha kideri na mafua ya ndege yanayoweza kumpata binadamu.

Na yule jirani wa mchicha, nenda kwake wewe kabla mwenyekiti hajakuita. Mwambie mama ni mgonjwa na ugonjwa ni upi. Watu huvumilia mengi wakishaelezwa, na mbolea ya kuku iliyooza vizuri ni zawadi ambayo bustani yake haitaikataa.

Njia hii ina ubaya wake pia: itakupunguzia kazi lakini haitaiondoa, na kila kuku atakayeuzwa, mama anaweza kuona pengo na kurudi kwenye kushutumu watu wizi. Ndiyo sababu siwezi kusema kwamba kuwauza wote ni kosa. Zipo nyumba ambamo hilo ndilo lililofaa, hasa mtoto anapozidiwa na pumu, au mlezi mwenyewe anapofika mahali pa kuanguka. Ukifika hapo usiombe radhi kwa mtu. Ila lifikirie sana lile pendekezo la Desemba. Ni kweli kwamba wakati huo Wachaga wote wanarudi nyumbani na kuku wa kienyeji anauzika kabla hajashushwa kwenye tenga. Lakini ndiyo miezi ambayo nyumba yako itajaa sauti, magari, wajukuu asiowatambua na vitanda vilivyohamishwa, na kwa mtu mwenye ugonjwa wa mama hayo peke yake yanatosha kumyumbisha. Kumwondolea kuku wake wiki hiyo hiyo ni kumtoa kwenye kitu cha mwisho anachokitambua wakati kila kingine kimegeuka. Bei itakuwa nzuri na wakati utakuwa mbaya. Ninyi ndugu mtapima kipi kina uzito. Wa ziada mnaweza kuwauza au kuwachinja kwa ajili ya wageni wenyewe, polepole, si kwa lori moja mbele ya macho yake. Na fedha, kidogo au nyingi, ziandikwe kwamba ni za mama, kwa kuwa kuku ni wake.

Mtu atapendekeza kwamba kuku warudi Machame kwa ndugu anayeangalia kihamba. Linawezekana, lakini mama aliyekwisha kupotea njia mara moja akijua kuku wake wako huko, anaweza kuanza kuwafuata kwa miguu.

Umenigusa kwa jambo moja, ambalo umeliandika kwa sentensi moja tu: hulali. Mtu anayetamani kuku wafe alfajiri hana roho mbaya. Amechoka, na uchovu wa kulea mgonjwa wa namna hii hauishi kwa kuondoa banda. Unapokutana na ndugu zako, usiende na swali la kuku peke yake. Weka daftari mezani, weka hesabu ya mayai na dawa, na umwulize kaka: fedha za kuku zikiisha, dawa za presha zitalipwa na nani, na kila mwezi? Mwulize dada, ambaye yuko kilomita 80 tu kutoka hapa, kama anaweza kuja Moshi Ijumaa moja kila mwezi na kuondoka Jumapili, alale chumba cha mama, afungie kuku yeye, nawe ulale. Ni afadhali aje yeye kuliko mama kupelekwa Arusha, kwa kuwa kila mahali papya humchanganya mgonjwa. Mdogo wenu aliyeleta chotara anaweza kuleta pumba. Kina mama wa kanisa waliomheshimu wakiambiwa ukweli, huenda mmoja wao akaja kukaa naye alasiri moja kwa wiki, waimbe. Na msichana mwingine wa kazi akija, aelezwe siku ya kwanza kwamba ataitwa mwizi, na kwamba ni ugonjwa unaosema.

Mumeo pia aulizwe. Unasema kunyamaza kwake unakujua. Pengine ni kweli, na pengine hajaulizwa swali ambalo lina nafasi ya jibu lake. Ndiye aliyepigilia misumari ya lile banda.

Limebaki swali lako la dhambi, ambalo mchungaji wako anaweza kulijibu kwa upande wake. Kwa upande wangu nitakueleza tu kinachotokea. Ukimwambia mama kila siku kwamba kuku wameuzwa, kila siku atapata habari hiyo upya na kila siku ataumia upya. Ukimwambia wako Machame, anaweza kutulia, au anaweza kuchukua fimbo na kudai kupelekwa. Walezi wengi hupata nafuu kwa kutojibu mojawapo: wanamwuliza mgonjwa naye anasimulia. "Yule mweupe uliyemnunua gulioni, mama, alikuwa anataga mayai mangapi?" Mara nyingi kinachotafutwa ni mtu wa kuzungumza naye juu ya kuku, na hilo unaweza kumpa bila kusema uongo wala kumchoma. Siku ambazo haitasaidia zitakuwepo, na utasema litakalotoka kinywani. Ila chochote mtakachokichagua, kubalianeni ninyi ndugu wanne na mumeo na watoto kabla Desemba haijafika, msije mkamjibu mmoja kwamba wameuzwa, mwingine kwamba wako mlimani, na wa tatu kwamba hakuwahi kuwa na kuku.